Chuma chenye Titani: Liganga na Wayeyushaji wa Nyanda za Juu Kusini

Liganga iko wilayani Ludewa, katika milima inayopanda kutoka ufuko wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Mawe yake ya chuma ni meusi, ni mazito kuliko mawe mengine ya milimani, na yana usumaku wa kutosha kuiyumbisha sindano ya dira. Leo Ludewa ni wilaya ya Mkoa wa Njombe, lakini mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 tu. Kabla ya hapo Liganga ilihesabiwa kuwa mali ya Iringa. Hali ni hiyo hiyo kwa Mbozi, iliyokuwa Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016. Kwa anayefuatilia historia ya chuma, mipaka ya zamani inafaa zaidi kuliko ya sasa, kwa sababu wayeyushaji, wahunzi na wafanyabiashara wa majembe waliishi wakitegemeana kutoka Ufipa hadi Upangwa.

Miamba ya Liganga ilitokana na uji wa mawe uliopoa polepole chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Ulipokuwa ukipoa, madini mazito yalikusanyika mahali pamoja, na magnetaiti, ambayo ni oksidi ya chuma yenye usumaku mkali, ikatengeneza matabaka na mabonge makubwa. Magnetaiti hiyo haikuwa safi. Katika fuwele zake, baadhi ya nafasi ambazo zingekaliwa na atomu za chuma zilichukuliwa na titani, na nyingine chache na vanadi. Takribani nusu ya uzito wa mtapo wa Liganga ni chuma, zaidi ya sehemu moja ya kumi ni oksidi ya titani, na vanadi haifiki asilimia moja. Titani hiyo ndiyo iliyoamua mambo mengi yaliyofuata. Ni yenye manufaa kwa anayeweza kuitenga, ni kero kwa mwenye tanuru la kawaida, na kwa mwanafizikia ni chanzo cha tabia ngeni za sumaku.

Kuyeyusha chuma katika Nyanda za Juu Kusini hakukusubiri mgodi wowote mkubwa. Wafipa, Wanyiha, Wapangwa na Wakinga walikuwa na ujuzi huo vizazi vingi kabla ya Wajerumani kufika, na kila jamii ilikuwa na namna yake. Matanuru yanayojulikana zaidi ni ya Ufipa, yaitwayo malungu: minara ya udongo yenye kimo cha mita tatu hivi, mipana chini na myembamba juu. Hayakuhitaji mivukuto. Kuzunguka kitako chake yaliachwa matundu ya kuingizia hewa. Hewa ya moto ilipopanda ndani ya mnara, hewa baridi ilivutwa kutoka chini, na moto uliendelea kujichochea wenyewe kwa siku kadhaa, mchana na usiku. Wanyiha wa Mbozi nao walijenga matanuru marefu ya namna hiyo. Beverly Brock na P. W. G. Brock waliandika juu ya kazi yao ya chuma mwaka 1965, wakati wazee walioishuhudia walikuwa bado hai. Kwa Wapangwa, tanuru lilikuwa fupi zaidi na hewa ilisukumwa kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo. Utafiti wa Bertram Mapunda katika Ufipa umeonyesha kwamba hata huko malungu hayakuwa njia pekee. Pwani ya Ziwa Tanganyika kuna mabaki ya matanuru ya aina nyingine kabisa. Kwa hiyo dhana ya kwamba “chuma cha jadi” kilitengenezwa kwa njia moja isiyobadilika haina msingi.

Kilichotokea ndani ya tanuru kinaeleweka vizuri leo. Mkaa uliwaka na kutoa gesi ya kaboni monoksaidi, na gesi hiyo ikanyang'anya oksijeni kutoka kwenye mtapo. Joto lilifika nyuzi 1,200 za Selsiasi au zaidi kidogo, ambalo halitoshi kukifanya chuma safi kiwe maji. Chuma kilibaki kigumu, kikijikusanya chembe kwa chembe kuwa bonge lenye matundu kama sifongo. Kilichoyeyuka ni uchafu: mchanga wa silika uliungana na sehemu ya chuma chenyewe na kutiririka kama uji mweusi, ule ambao ukishapoa huitwa mavi ya chuma. Hasara hii haikuepukika, kwa kuwa sehemu ya chuma ilitolewa ili kuyeyusha taka, na ndiyo maana marundo ya mavi ya chuma yaliyobaki mashambani bado yana chuma kingi. Bonge lilipotoka lilikuwa bado chafu. Wafipa walilivunja na kulisafisha katika tanuru dogo, kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto, kisha mhunzi akalifua juu ya jiwe mpaka likawa jembe, shoka au mkuki.

Bonge hilo halikufanana lote. Sehemu moja ilikuwa chuma laini, nyingine ilikuwa imenyonya kaboni na kuwa ngumu kama pua, nyingine ilibaki na mtapo ambao haukupata kubadilika. Mhunzi alizitambua kwa mlio wa nyundo, kwa rangi na kwa uzito. Wachunguzi wa mabaki ya kale siku hizi huanza kazi hiyo kwa sumaku ndogo ya mkononi: vipande vyenye chuma halisi au magnetaiti huvutwa mara moja, na mavi matupu huvutwa kidogo tu au hayavutwi.

Upande mwingine wa kazi hiyo ulikuwa wa miiko. Randi Barndon, aliyelinganisha Wapangwa na Wafipa katika kitabu chake cha mwaka 2004, ameeleza jinsi tanuru lilivyochukuliwa kuwa mwanamke, na uyeyushaji kuwa mimba na uzazi. Wayeyushaji walijitenga na wake zao kwa muda wote wa kazi, dawa ziliwekwa chini ya tanuru, na fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa ambacho wengine hawakukigusa. Waandishi wa zamani wa Ulaya walizitaja desturi hizi kama ushirikina uliogandamana na ufundi. Tafsiri hiyo ni nyembamba. Uyeyushaji ulichukua siku nyingi, ulikula mkaa wa miti mingi, ulihitaji watu wengi wafanye kazi kwa mpango mmoja, na uliweza kuharibika kwa mvua moja au mtapo mbaya. Miiko iliweka nidhamu ya kazi hiyo, na ililinda siri za ufundi zisitoke nje ya ukoo.

Hans Stirnimann, Mswisi aliyeandika kwa kirefu juu ya maisha na ufundi wa Wapangwa katika miaka ya 1970, naye aliipa kazi ya chuma nafasi kubwa. Jembe lilikuwa zaidi ya chombo cha shamba. Lilitumika katika mahari, katika fidia na katika kubadilishana mali kati ya milima na mabonde. Wanyakyusa wa Rungwe, wenye ndizi, ng'ombe na mashamba yenye rutuba, walipata majembe na mikuki yao kwa Wakinga wa milimani, ambao walikuwa na chuma lakini walihitaji chakula. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alikuta kwamba masimulizi ya asili ya machifu wao yanawaleta kutoka Ukinga, wakiwa na ng'ombe, moto na chuma. Masimulizi ya namna hii si tarehe, lakini yanaonyesha wazi ni wapi watu waliamini chuma kilitoka.

Upande wa Iringa ushahidi ulio wazi zaidi uko chini ya ardhi. Katika pango la Mlambalasi, magharibi mwa mji wa Iringa, Pamela Willoughby na wenzake wa mradi wa akiolojia wa Mkoa wa Iringa walichimba kuanzia mwaka 2006. Matabaka ya chini ni ya Zama za Mawe, pamoja na makaburi ya watu wa kale. Tabaka la juu lina vigae vya vyungu, chuma na mavi ya chuma. Mahali hapo pana umaarufu mwingine: ni karibu na pango hilo Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwezi Julai 1898 baada ya kuwindwa na Wajerumani kwa miaka, na kaburi lake liko hapo. Jeshi lake, lililokishinda kikosi cha Emil von Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, lilipigana kwa mikuki zaidi kuliko bunduki. Kila mkuki ulikuwa umepita katika moto wa mhunzi, na dola la Wahehe haliwezi kuelezwa bila kuitaja kazi hiyo, ingawa vitabu vingi vya vita huiruka.

Kuna chuma kimoja katika eneo hili ambacho hakuna tanuru lililokigusa. Kimondo cha Mbozi kipo kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Kina urefu wa zaidi ya mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, ingawa makadirio ya zamani yalitofautiana sana. Asilimia 90 hivi ya kimondo hicho ni chuma, na karibu 9 ni nikeli. Wataalamu walikifahamu mwaka 1930 kupitia mpima ardhi W. H. Nott, na D. R. Grantham wa idara ya jiolojia akakichunguza muda mfupi baadaye. Wakati huo sehemu kubwa ilikuwa imefukiwa. Udongo ulichimbwa kukizunguka na kikaachwa juu ya nguzo ya udongo iliyoimarishwa. Serikali ilikitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1967. Hakuna shimo la mgongano wala masimulizi ya kuanguka kwake, jambo linaloashiria kwamba kilianguka zamani mno.

Wanyiha waliishi karibu na tani hizi zote za chuma tayari, na bado walichimba mtapo na kujenga matanuru. Sababu ni ya kiufundi. Chuma chenye nikeli ni kigumu na hakipasuki. Bila msumeno wa pua na muda mrefu hakikatiki, na bonge la tani nyingi haliingii motoni. Ndani yake aloi mbili za chuma na nikeli zimesukana kwa mistari inayoonekana jiwe likisuguliwa na kutiwa tindikali. Mistari hiyo hutokea pale tu metali inapopoa polepole mno, kwa kasi inayohesabiwa kwa nyuzi chache hadi maelfu kwa miaka milioni, ndani ya sayari ndogo iliyovunjika baadaye. Jambo la kushika hapa ni kwamba usumaku wa chuma hubadilika kulingana na kiasi cha nikeli kilichochanganywa nacho na namna atomu zilivyojipanga. Somo hilo hilo, kwa sura nyingine, limo ndani ya mawe ya Liganga.

Ukoloni uliua uyeyushaji kwa njia kadhaa kwa pamoja, na haifai kuchagua moja tu. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yaliuzwa kwa bei ambayo mhunzi hakuweza kushindana nayo. Kodi ya fedha iliwaondoa vijana kwenda mashamba ya mkonge na migodini, na kazi inayohitaji watu wengi kwa siku nyingi ikakosa mikono. Misitu ikawekewa sheria. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambavyo Wapangwa walishiriki, viliishia kwa Wajerumani kuchoma vyakula na vijiji, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Katika Ufipa ujuzi uliendelea kwa kificho na kwa uchache hadi katikati ya karne ya 20. Baada ya hapo wazee waliombwa tu na watafiti wajenge tanuru la maonyesho. Wahunzi hawakwisha, walibadilisha malighafi. Springi za magari na mabaki ya vyuma ndiyo mtapo wa mhunzi wa leo katika masoko ya Mbeya na Iringa.

Wakoloni wenyewe walitafuta zaidi dhahabu na makaa ya mawe. Dhahabu ya Lupa, Chunya, iligunduliwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 maelfu ya wachimbaji, Waafrika na Wazungu, walikuwa wakichekecha mchanga wa mito huko. Kila aliyechekecha alikutana na mchanga mweusi unaobaki chini pamoja na dhahabu kwa sababu nao ni mzito. Mchanga huo kwa sehemu kubwa ni magnetaiti na ilimenaiti. Sumaku huondoa magnetaiti kirahisi; ilimenaiti, iliyo na titani nyingi, hubaki, na huondolewa kwa kupulizwa au kwa maji. Mchimbaji mdogo mwenye sumaku ya spika mbovu hufanya, bila kuita jina lolote, jaribio la kwanza la tofauti kati ya madini haya mawili.

Liganga ilipimwa kwa uzito zaidi na idara ya jiolojia ya Tanganyika. G. M. Stockley, aliyechora ramani za miamba ya wilaya ya Njombe, alichapisha taarifa yake mwaka 1948. Tangu hapo jibu lilikuwa lile lile: mtapo ni mwingi, na titani ni nyingi mno. Katika tanuru kubwa la kisasa titani haigeuki kuwa sehemu ya chuma. Huingia kwenye taka. Joto likizidi na kaboni ikiwa nyingi, titani hutengeneza kabaidi ngumu zinazoifanya taka iwe nzito kama ugali, isitoke, na tanuru huziba. Katika tanuru la jadi, lenye joto dogo, titani ingetoka na mavi ya chuma bila matata makubwa. Kwa hiyo ugumu wa Liganga ulikuwa wa viwanda vya wakati wake, na haikuwa sahihi kusema, kama ilivyosemwa mara kwa mara, kwamba mtapo wenyewe haufai.

Nchi nyingine zilithibitisha hilo. Afrika Kusini ilijenga kiwanda cha Highveld huko Witbank katika miaka ya 1960 kwa mtapo wa aina hii hii, na vanadi ikawa biashara yake kubwa. New Zealand iliyeyusha mchanga mweusi wa fukwe zake huko Glenbrook. China ilianza kutoa chuma Panzhihua, mkoani Sichuan, mwaka 1970, baada ya majaribio mengi ya kuifanya taka yenye titani itiririke. Uhusiano na Ludewa ulikuja baadaye: Septemba 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda, kutoka mkoa huo huo wa Sichuan, wa kuendeleza Liganga pamoja na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Kampuni ilipewa asilimia 80 na NDC 20. Mradi ulitangazwa kuwa wa dola bilioni 3, kwa hifadhi ya tani milioni 126 za mtapo na milioni 428 za makaa. Mazungumzo yalikwama kwa miaka kwenye misamaha ya kodi, bei ya umeme na swali la nani mwenye titani na vanadi. Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kwa bei za soko, madini “ya ziada” yanaweza kuwa na thamani inayokaribia au kuzidi ya chuma chenyewe.

Titani ina upande mwingine ambao hautajwi kwenye mikataba. Kila atomu ya chuma katika magnetaiti ina spini, yaani ni sumaku ndogo kupindukia. Spini hizo zimegawanyika katika makundi mawili yanayoelekea pande zinazopingana, lakini moja lina nguvu zaidi, na tofauti yao ndiyo usumaku wa jiwe. Mpangilio huo hudumu hadi nyuzi 580 hivi za Selsiasi, kisha joto huuvuruga. Atomu ya titani katika madini haya haina spini. Kila inapokaa mahali pa chuma inaacha pengo, na majirani zake hupoteza kiungo. Titani ikiongezeka, joto la kuvurugika hushuka, hadi magnetaiti yenye titani nyingi kama ya lava nyingi hupoteza usumaku chini ya nyuzi 200.

Mambo hugeuka kuwa ya ajabu zaidi katika jamaa wa karibu wa madini haya, mchanganyiko wa ilimenaiti na hemataiti, ambao hupatikana katika miamba ya aina ya Liganga pote duniani. Yoshikazu Ishikawa na Syun-iti Akimoto wa Tokyo walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba mchanganyiko huu kwa viwango vya katikati una usumaku mkali, na tena ni nusukipitishi: hupitisha umeme, lakini si kama shaba. Hivyo jiwe hili la asili liliunganisha sumaku na umeme miongo kadhaa kabla maabara hazijaanza kutengeneza nusukipitishi zilizozimuliwa kwa atomu za sumaku. Mwaka 1985 kundi la Ishikawa lilitangaza kwamba pale ilimenaiti inapozidi sana, jiwe likipozwa hadi kama nyuzi 230 chini ya sifuri, spini zake huganda bila mpangilio wowote. Hali hiyo inaitwa kioo cha spini.

Jina hilo lilizaliwa katika utafiti wa aloi. Mwaka 1972 V. Cannella na J. A. Mydosh walipima dhahabu iliyotiwa chuma kidogo sana, na wakaona kwamba katika joto fulani la chini mwitikio wake kwa sumaku unafika kilele chenye ncha, kisha unashuka. Hapakuwa na mpangilio wa kawaida wa sumaku uliozaliwa, na bado kitu kilikuwa kimeganda. Sababu ni ukinzani usiosuluhishika. Watu watatu wakitakiwa kujibu ndiyo au hapana, na kila mmoja akitaka kumpinga kila mwenzake, wawili watatofautiana na wa tatu hataweza kuwapinga wote. Spini tatu zinazotaka kuelekea kinyume hukwama hivyo hivyo. Katika jiwe au aloi ambamo atomu zenye spini zimetawanyika ovyo, vikundi vya namna hii ni vingi mno, na hakuna mpangilio mmoja unaozidi mingine yote. Kuna mamilioni yanayokaribiana, na mfumo hubaki katika ule ulioushika ulipopoa. Ndiyo maana kioo cha spini hukumbuka: kikipozwa ndani ya uga wa sumaku hutoa jibu tofauti na kikipozwa bila uga, na kikiachwa hubadilika polepole kwa saa na siku.

Mwaka 1980 R. R. Gałązka, Shoichi Nagata na P. H. Keesom waliikuta hali hii katika kadimi teluridi iliyotiwa manganizi, nusukipitishi ya kutengenezwa maabara. Jambo hilo lilishangaza kwa sababu humo, tofauti na dhahabu, hakuna elektroni huru za kutosha kusafirisha ujumbe kati ya spini zilizo mbali. Manganizi na manganizi zinazopakana hupingana, na mpangilio wa fuwele peke yake unatosha kuzalisha ukinzani. Nadharia ilikuwa imeanza mwaka 1975 kwa Sam Edwards na Philip Anderson, ikakamilishwa kwa kielelezo kimoja na Giorgio Parisi kuanzia 1979. Parisi alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021, na mbinu zake sasa hutumika katika matatizo ya kompyuta na mitandao ya neva. Ifahamike kwamba jiwe la Liganga lililopo juani Ludewa si kioo cha spini. Joto la mlimani ni kubwa mno kwa hali hiyo. Linachoshiriki ni chanzo chake, yaani chuma kilichozimuliwa na titani bila mpangilio.

Kumbukumbu ya sumaku, ya aina rahisi zaidi, imewahi kusomwa kwa manufaa karibu na Mbeya. Ziwa Masoko, ambalo pia huitwa Kisiba, kusini ya Tukuyu, ni shimo la mlipuko wa volkano lililojaa maji. Wenyeji na wageni hulijua kwa hadithi ya sarafu ambazo Wajerumani inasemekana walizitupa humo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. David Williamson na wenzake walichapisha mwaka 1999 vipimo vya usumaku wa matope ya ziwa hilo. Chembe za magnetaiti yenye titani kutoka lava za Rungwe huongezeka au huharibika kulingana na mvua, kina cha maji na oksijeni iliyoko chini, na hivyo matope hayo yanatunza historia ya hali ya hewa ya makumi ya maelfu ya miaka. Udongo wa matanuru una sifa inayofanana: ulipopata moto mkali kisha ukapoa, chembe zake za chuma zilishika mwelekeo wa uga wa sumaku wa dunia wa siku ile. Katika bonde la Limpopo, kusini mwa Afrika, sakafu za udongo zilizoungua za wakulima wa Zama za Chuma zimetumika kufuatilia mabadiliko ya uga huo. Vitako vya matanuru vilivyobaki Mbozi, Ufipa na Ludewa vinaweza kutoa taarifa za namna hiyo, iwapo havitasawazishwa kwa jembe la trekta kwanza.

Sumaku zimeleta pia mgodi mwingine katika orodha. Ngualla, mkoani Songwe, ina neodimi na praseodimi, madini adimu yanayotengenezea sumaku za kudumu za injini za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Serikali na kampuni ya Peak Rare Earths ya Australia zilitia saini makubaliano ya mradi huo Aprili 2023, serikali ikipata hisa za asilimia 16. Mwaka huo huo zaidi ya shilingi bilioni 15 zilitengwa kuwalipa fidia wananchi waliopisha miradi ya Mchuchuma na Liganga, baada ya kusubiri kwa miaka mingi. Hadi mwisho wa mwaka 2024 hakuna tanuru la kiwandani lililokuwa limeanza kuyeyusha chuma cha Liganga.